Seli Zako Zinakufa Kila Sekunde, Nani Anazizika? Mzazi wa Simiyu, Soma Hapa Kuhusu Bandama la Mwanao

Hesabu moja, mbili. Katika sekunde hizo mbili tu, zaidi ya chembe nyekundu milioni 4 za damu yako zimefika mwisho wa maisha yake na kuondolewa. Hukusikia maumivu. Hukuona damu. Hukupata hata homa.

Sasa swali: maiti zote hizo zinakwenda wapi?

Jibu ni kwamba mwilini kuna seli za kinga ambazo kazi yake ya kila siku ni kuzoa seli zilizokufa na zile zinazokaribia kufa. Wengi tumezoea kusikia kwamba kinga ya mwili ni jeshi la kupambana na vijidudu. Ni kweli, lakini askari hao hao muda mwingi wanafanya kazi ya kuzika.

Kwa mtu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima au Busega, hii si habari ya darasani tu. Kanda ya Ziwa ni moja ya maeneo ya Tanzania yenye selimundu kwa wingi, na selimundu ni ugonjwa ambao maiti za seli zinakuwa nyingi kuliko uwezo wa wazoaji. Mtoto anaweza kupoteza maisha ndani ya saa chache kwa sababu ya kiungo kimoja kilicho chini ya mbavu za kushoto, yaani bandama. Mzazi anayejua kulipapasa anaweza kuwahi.

Twende taratibu.

SELI HUFA KWA NJIA MBILI

Njia ya kwanza ni kifo cha ghafla. Umeungua moto, umejikata na panga, au sehemu ya mwili imekosa damu. Seli inavimba, inapasuka na kumwaga vilivyomo ndani. Vitu hivyo vinawasha seli za jirani, ndiyo maana kidonda kinakuwa chekundu, kinavimba na kuuma.

Njia ya pili ni kifo cha utaratibu. Seli iliyozeeka, iliyoharibika au isiyohitajika tena inajizima yenyewe. Inasinyaa, inakatakata vinasaba vyake, kisha inajigawa vipande vidogo vilivyofungwa vizuri kama vifurushi. Hakuna kinachomwagika. Mwaka 1972 wanasayansi John Kerr, Andrew Wyllie na Alastair Currie walikipa kifo hiki jina la apoptosisi.

Kifo hiki ni sehemu ya kujengwa kwako. Angalia vidole vyako. Ulipokuwa tumboni kwa mama, mkono wako ulianza kama kasia, vidole vikiwa vimeunganishwa na nyama. Seli za katikati zikafa kwa utaratibu, zikazolewa, vidole vikaachana.

Lakini vifurushi hivyo vikiachwa muda mrefu bila kuzolewa, navyo vinaoza na kupasuka. Hapo kifo cha utaratibu kinageuka kuwa kama kile cha ghafla.

Mkulima wa pamba wa Simiyu anaijua kanuni hii vizuri. Msimu ukiisha, mabua ya pamba yanang'olewa na kuchomwa. Ukiyaacha shambani, wadudu wanajificha humo na kukusubiri msimu ujao. Mwili nao hauachi mabua shambani.

WAZOAJI WENYEWE NI AKINA NANI?

Mzoaji mkuu anaitwa makrofaji. Ni seli nyeupe kubwa ya kinga, na jina lake kwa Kigiriki lina maana ya "mlaji mkubwa". Inanyoosha sehemu ya mwili wake kama mikono, inakizunguka kitu, inakimeza kizima kizima.

Aliyetufungua macho kuhusu seli zinazokula ni Élie Metchnikoff. Mwaka 1882, akiwa Messina nchini Italia, alichoma mwiba kwenye kiluwiluwi cha kiti cha pweni, mnyama wa baharini ambaye mwili wake unapitisha mwanga. Baadaye akaona seli zimeuzunguka ule mwiba zikijaribu kuula. Mwaka 1908 alipata Tuzo ya Nobeli pamoja na Paul Ehrlich.

Makrofaji zipo karibu kila mahali mwilini:

- Kwenye ini zinasafisha damu inayotoka tumboni.
- Kwenye mapafu zinazoa vumbi na vijidudu.
- Kwenye uboho wa mifupa zinasaidia kutengeneza damu mpya.
- Kwenye bandama, ambalo vitabu vya shule vinaliita wengu, zinakagua chembe nyekundu moja baada ya nyingine.

Hapo kwenye uboho kuna jambo la kushangaza kidogo. Chembe nyekundu changa huwa na kiini kama seli nyingine. Kabla ya kuingia kwenye mzunguko wa damu, inakitupa nje ili ipate nafasi zaidi ya kubeba oksijeni. Makrofaji iliyo pembeni inakidaka na kukila. Yaani chembe nyekundu inaanza maisha kwa kuhudumiwa na mzoaji, na inayamaliza hivyo hivyo.

WANAJUAJE NANI KAFA NA NANI MZIMA?

Hapa ndipo penye utamu. Mzoaji akikosea, atakula seli nzima. Akichelewa, maiti itaoza. Kwa hiyo mwili una alama tatu.

Alama ya kwanza ni "njoo huku". Seli inayokufa inatoa kemikali zinazosambaa jirani, na makrofaji inazifuata kama mtu anavyofuata harufu ya nyama choma.

Alama ya pili ni "nile". Kwenye ngozi ya kila seli kuna mafuta yanayoitwa fosfatidilserini. Seli ikiwa nzima, mafuta haya yanakaa upande wa ndani tu, na seli inatumia nguvu kuyazuia yasitoke. Ikianza kufa, yanageukia nje. Fikiria shati lililovaliwa ndani nje, kila mtu anajua kuna tatizo. Kazi iliyotoka mwaka 1992, ikiongozwa na Valerie Fadok, ilionyesha kwamba makrofaji zinaitambua alama hii.

Alama ya tatu ni "usinile". Seli nzima inabeba protini iitwayo CD47, ambayo ni kama kitambulisho cha kuonyesha kwenye kizuizi cha barabarani. Makrofaji ikikiona, inaipisha. Bahati mbaya, seli nyingi za saratani nazo zimejifunza ujanja huu. Zinavaa CD47 nyingi ili zisiliwe.

Kuna pia wasaidizi wa katikati. Mmoja ni protini iitwayo MFG-E8, ambayo mkono mmoja unashika maiti na mwingine unashika makrofaji. Ilijulikana kwanza kwenye matone ya mafuta ya maziwa, na baadaye kidogo, mwaka 2002, timu ya Shigekazu Nagata wa Japani ikaonyesha kazi yake kwenye kuzoa seli.

Kazi nzima ya kumeza seli zinazokufa wanasayansi wanaiita eferositosisi. Jina hilo limetoka kwenye neno la Kilatini lenye maana ya kubeba maiti kwenda kaburini. Kwa hiyo tukisema mazishi, hatujatia chumvi.

BAADA YA KUMEZA, NINI KINAFUATA?

Makrofaji haitupi kitu. Inameng'enya maiti, na vinavyofaa vinarudi kutumika.

Chukua chembe nyekundu. Inaishi takriban siku 120. Ndani yake kuna himoglobini, na ndani ya himoglobini kuna madini ya chuma. Makrofaji inaitoa ile chuma na kuirudisha kwenye damu ili itengeneze chembe mpya. Kwa mtu mzima, kiasi kinachorudishwa hivi ni kama miligramu 20 hadi 25 kwa siku, wakati chakula chote cha siku kinaingiza miligramu 1 hadi 2 tu. Yaani damu yako ya leo imejengwa zaidi na chuma ya chembe zilizokufa kuliko ya mchicha uliokula jana.

Sehemu nyingine ya himoglobini inageuzwa rangi. Kwanza inakuwa ya kijani, halafu ya njano iitwayo bilirubini. Hiyo ya njano inakwenda kwenye ini, inaingia kwenye nyongo, inatoka na kinyesi. Rangi ya kahawia ya kinyesi na rangi ya njano ya mkojo zote zinatoka huko. Umewahi kugongwa ukavilia damu, ukaona alama inabadilika kutoka zambarau kwenda kijani kisha njano? Hao ni wazoaji wakiwa kazini chini ya ngozi yako.

Jambo la mwisho: baada ya kula seli iliyokufa kwa utaratibu, makrofaji inatoa kemikali za kutuliza. Inawaambia majirani, "Jamani, hakuna vita, ni msiba wa kawaida." Ndiyo maana mabilioni ya seli yanakufa kila siku na wewe unaendelea na shughuli zako.

SASA TUJE NYUMBANI: SELIMUNDU

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi. Kosa dogo kwenye vinasaba linabadilisha himoglobini. Chembe nyekundu ikikosa oksijeni, himoglobini hiyo inajipanga kama fito, na chembe ya duara inajikunja kama mundu. Jina limetoka hapo.

Uchunguzi mkubwa wa damu za watoto uliofanyika mikoa ya kaskazini-magharibi mwa Tanzania, ukichapishwa mwaka 2020, ulikuta takriban asilimia 20 ya watoto wamebeba kinasaba kimoja cha selimundu, na zaidi kidogo ya asilimia 1 wana ugonjwa wenyewe. Tafsiri yake ni kwamba kwenye kila watoto watano, mmoja ni mbebaji. Kwa nchi nzima, makadirio yanayotajwa mara nyingi ni watoto 11,000 wanaozaliwa na selimundu kila mwaka.

Kwa nini huku kwetu? Jibu ni malaria. Mwaka 1954 Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba kinasaba hiki kimeshamiri kwenye jamii za Afrika Mashariki zinazoishi palipo na malaria nyingi. Aliyerithi kinasaba kimoja tu, kutoka kwa baba au mama, anakingwa kwa kiasi kikubwa dhidi ya malaria kali.

Na hapa wazoaji wetu wanarudi tena. Mojawapo ya sababu za kinga hiyo ni kwamba chembe ya mbebaji ikiingiwa na kimelea cha malaria inaharibika mapema na kuonyesha alama za "nile". Makrofaji inaimeza pamoja na kimelea ndani yake kabla hakijakomaa. Mwizi anachomewa ndani ya nyumba aliyoivunja.

Ila aliyerithi vinasaba viwili, kimoja kwa baba na kimoja kwa mama, ndiye mgonjwa. Kwake mambo yanageuka.

WAZOAJI WANAPOZIDIWA

Chembe nyekundu ya kawaida inaishi siku 120. Ya mgonjwa wa selimundu inaishi kama siku 10 hadi 20. Maana yake wazoaji wana kazi mara kadhaa ya ile ya kawaida, kila siku, maisha yote.

Matokeo yake unayaona kwa macho:

- Mtoto anakuwa na damu pungufu, anachoka haraka, viganja na midomo vinapauka.
- Macho yanakuwa ya njano, kwa sababu bilirubini ni nyingi kuliko ini linavyoweza kutoa.
- Baadaye anaweza kupata mawe kwenye mfuko wa nyongo, kutokana na hiyo hiyo rangi iliyozidi.

Ukiona macho ya njano usikimbilie kusema "kalogwa". Ni mabaki ya chembe zilizokufa. Yanaweza pia kuwa ugonjwa wa ini au malaria kali, ndiyo maana kipimo ni cha lazima.

Chembe nyingine hazisubiri wazoaji. Zinapasuka ndani ya mishipa na kumwaga himoglobini kwenye damu. Himoglobini hiyo inaharibu gesi ambayo mishipa huitumia kujilegeza, hivyo mishipa inabana. Ukiongeza na chembe zilizojikunja zinazoziba njia, ndiyo yale maumivu makali ya mifupa, kifua na tumbo ambayo wagonjwa wanayajua.

Kwa mtoto mchanga, dalili ya kwanza mara nyingi ni kuvimba viganja na miguu kwa maumivu. Kwa kawaida haionekani kabla ya miezi kama 6, kwa sababu mtoto bado ana himoglobini ya tumboni mwa mama, ambayo haijikunji. Familia nyingi zinachanganyikiwa hapo: "Mbona alizaliwa mzima?"

BANDAMA: KIZUIZI CHENYE VIPENYO VYEMBAMBA

Bandama lipo juu kushoto mwa tumbo, nyuma ya mbavu. Kwa mtu mzima mwenye afya lina ukubwa wa ngumi hivi, na huwezi kuligusa.

Ndani yake damu inapita kwenye vipenyo vyembamba mara kadhaa kuliko chembe nyekundu yenyewe. Chembe nzima ni laini, inajikunja na kupenya. Iliyozeeka imekakamaa, inakwama, na makrofaji zilizopanga mstari hapo zinaila.

Chembe za selimundu ni ngumu. Zinakwama kwa wingi. Kwa mtoto mdogo, hasa kati ya miezi 6 na miaka 5, damu inaweza kuingia kwenye bandama na kushindwa kutoka. Bandama linavimba ghafla, damu ya mwili mzima inapungua, na mtoto anaweza kufa siku hiyo hiyo asipoongezewa damu.

Hii ndiyo sababu wauguzi wa kliniki za selimundu wanawafundisha wazazi kupapasa bandama nyumbani. Kwa kifupi inafanyika hivi:

- Mlaze mtoto chali akiwa ametulia, magoti yamekunjwa kidogo.
- Weka vidole upande wa kushoto wa tumbo, usawa wa kitovu. Usikandamize kwa nguvu.
- Panda taratibu kuelekea mbavu. Ukigusa kitu kigumu chenye ukingo, hilo ni bandama.
- Pima limeshuka vidole vingapi chini ya mbavu. Kumbuka au andika kwenye simu.

Mwombe muuguzi akuelekeze kwa vitendo kwanza, usijifunze kwa kusoma tu. Huku kwetu bandama la mtoto linaweza kuwa limevimba kidogo hata kwa malaria za mara kwa mara au kichocho. Kwa hiyo jambo kubwa ni kujua ukubwa wake wa kila siku, ili likibadilika ujue.

Likikua ghafla, na mtoto amepauka, amelegea, anapumua haraka au ana kiu isiyo ya kawaida, usisubiri asubuhi. Twende hospitali sasa hivi, na ukifika sema neno "selimundu" mapema.

Kuna suala la chale pia. Wapo wanaosema mtoto "ana bandama" na kumpeleka akachanjwe juu ya uvimbe. Chale hazifiki kwenye bandama, na haziondoi damu iliyokwama. Kinachoingia pale ni vijidudu, na pepopunda ikiwemo.

BANDAMA LIKIFA, ULINZI UNAPUNGUA

Baada ya miaka kadhaa ya kuziba na kukosa damu, bandama la wagonjwa wengi linasinyaa na kuacha kufanya kazi. Mzazi anaweza kufurahi kwamba uvimbe umeisha, kumbe kizuizi kimefungwa.

Bandama halikuwa la kuzoa chembe nyekundu tu. Lilikuwa linakamata pia bakteria wanaojifunika ganda, hasa wale wanaosababisha nimonia na homa ya uti wa mgongo. Bila wazoaji hao, bakteria wanaweza kuenea kwenye damu kwa kasi ya kutisha.

Ndiyo maana kwa mtoto mwenye selimundu, homa ni dharura. Usimpe panadol ukasema tuone kesho.

Na ndiyo maana watoto hawa wanapewa penisilini ya kunywa mara mbili kwa siku kuanzia uchanga hadi angalau miaka 5. Pia chanjo za kawaida zisirukwe. Tanzania iliingiza chanjo ya nimonia kwenye ratiba ya watoto wote mwaka 2013, inatolewa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa mtoto mwingine chanjo hii ni kinga nzuri, kwa huyu inaziba pengo la kiungo kilichokufa.

WAZOAJI NA DAWA YA MALARIA

Bandama lina ujanja mwingine. Mgonjwa wa malaria kali akichomwa sindano ya artesuneti, vimelea vinafia ndani ya chembe nyekundu. Bandama halili chembe hizo zote. Nyingi linazibana kwenye vipenyo vyake, linamnyofoa kimelea aliyekufa, na chembe inarudi kwenye mzunguko. Ni kama kutoa kokwa la embe bila kuharibu embe.

Chembe iliyofanyiwa hivyo hata hivyo haiishi muda wake wote. Baadhi ya wagonjwa wanapungukiwa damu wiki moja hadi kadhaa baada ya kupona. Kama umeambiwa urudi kupima damu baada ya matibabu ya malaria kali, rudi. Hawakuchezei.

WAZOAJI WAKITEKWA AU WAKICHELEWA

Kifua kikuu kinatumia wazoaji kama nyumba. Bakteria wake wanamezwa na makrofaji kwenye mapafu lakini hawafi, wanaishi humo humo. Makrofaji ikijizima kwa utaratibu, mwenzake anaimeza pamoja na bakteria na mara nyingi wanakufa. Kwa hiyo bakteria wa kifua kikuu wanafanya kila hila makrofaji ipasuke badala ya kujizima, ili watoke na kusambaa.

Wazoaji wakichelewa nako kuna shida. Maiti za seli zikioza, vinasaba vilivyomo ndani vinamwagika, na kinga inaanza kuviona kama adui. Hiyo ni mojawapo ya njia zinazoleta lupasi, ugonjwa ambao mwili unajishambulia wenyewe kwenye ngozi, viungo na figo.

UFANYE NINI?

Pima kabla ya kuoana au kupata mtoto. Mbebaji hana dalili, anaweza kulima, kucheza mpira na kuzaa bila kujua. Wabebaji wawili wakikutana, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuwa mgonjwa. Ni kila mimba. Usiseme "wa kwanza kaumwa, basi watatu wanaofuata watakuwa salama."

Uliza kipimo kinaonyesha nini. Kuna kipimo cha haraka kinachosema tu kwamba chembe zinajikunja, bila kutofautisha mbebaji na mgonjwa. Omba kile kinachotofautisha. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa iliyopo Bariadi inaweza kukuelekeza, na kwa kesi ngumu kuna Bugando, Mwanza.

Ulizia haidroksiyurea. Dawa hii inarudisha kwa kiasi ile himoglobini ya uchanga, chembe zinajikunja kidogo na kuishi muda mrefu zaidi. Kazi ya wazoaji inapungua. Inahitaji kufuatiliwa na daktari kwa kupima damu.

Zingatia mambo ya kila siku. Maji ya kutosha, chandarua kila usiku, vidonge vya foliki kama ulivyoelekezwa, na asipigwe na baridi. Vidonge vya chuma usimpe kwa kubahatisha. Umeona hapo juu, mgonjwa huyu chuma yake inarudishwa na wazoaji, na akiongezewa damu mara nyingi inaweza hata kuzidi.

Baba usijitoe. Ugonjwa huu hauji kwa mama peke yake. Bila kinasaba cha baba, mtoto asingeumwa. Akina mama wengi wanabebeshwa lawama ambayo sayansi inaigawa nusu kwa nusu.

Tiba ya kuondoa ugonjwa kabisa ni kupandikiza uboho, na Tanzania imeshaanza kuifanya kwa watoto wenye selimundu katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Inahitaji mtu wa kuchangia anayelingana na mtoto, mara nyingi ndugu wa tumbo moja, hivyo si wote watakaoipata.

Kwa wengine wote, kinachookoa maisha ni vitu vya kawaida: kipimo mapema, penisilini, chanjo, chandarua, na mkono wa mzazi unaojua bandama la mtoto linaishia wapi. Kama una mtoto mwenye selimundu na hujawahi kufundishwa kulipapasa, siku ya kliniki inayofuata liwe swali lako la kwanza.